Rimu la Kigango Siku ya Ijumaa Kuu

Jogoo wa Mzee Ngeleja alikuwa na sifa ya kuwahi kuliko majogoo wote wa kijiji, lakini tangu Jumatano ya Majivu alikuwa amepata mshindani. Kabla hajawika mara ya pili, Eufrasia Maige alikuwa ameshafika kigangoni, amesimama chini ya mwarobaini, nondo mkononi. Juu yake lilining'inia rimu la lori lililofungwa kwa mnyororo, na hiyo ndiyo ilikuwa kengele ya kanisa. Eufrasia alitema mate kidogo viganjani kama watu wazima wanavyofanya wakishika jembe, akapiga: mara tatu, akanyamaza, mara tatu, akanyamaza, mara tatu, basi. Sauti ikavuka mashamba ya pamba, ikavuka mto wa mchanga, ikawafikia hata watu wa ng'ambo.

Eufrasia alikuwa na miaka kumi na mitatu, na domo alikuwa nalo, tusifichane. Kazi hii aliipigania. Wavulana walisema msichana hataweza kuamka, na kwamba hata akiamka ataogopa giza. Mwalimu Novatus, katekista wa kigango, alikuna kidevu, akasema, "Haya, tumjaribu Kwaresima hii." Majuma sita yakapita. Mvua ilinyesha, matope ya mbuga yakamvua ndala, mafua yakambana hadi sauti ikakauka, lakini rimu halikukosa kulia hata asubuhi moja. Akirudi nyumbani alimkuta mama yake ameshaandaa chai ya rangi na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kabla hajakaa aliuliza, "Mmesikia?"

"Tumesikia, mayu," mama yake alimjibu kila siku, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hata waliolala makaburini wamesikia."

Rimu lile lilikuwa na milio miwili, na kila mtu wa upande ule wa kata ya Nkoma aliijua. Tatu-tatu ilikuwa ya kanisa. Mlio wa pili ulikuwa wa mwano, yaani wito wa hatari, nao hupigwa mfululizo bila kupumua: nyumba imeshika moto, ng'ombe wameibwa, mtoto amepotea. Mwano ukilia, mwenye jembe hulitupa na mwenye kijiko hukiacha ndani ya chungu, watu wakakimbia. Eufrasia alikuwa hajawahi kuupiga. Aliomba asiupige kamwe.

Juma Kuu likafika. Jumapili ya Matawi waliandamana na matawi ya ukindu waliyoyakata mtoni. Alhamisi Kuu padre alikuja kutoka parokiani kwa pikipiki, akawaosha miguu watu kumi na wawili, na wimbo wa Utukufu ulipoanza, Eufrasia alilipiga rimu hadi mabega yakamuuma. Baada ya hapo, kimya. Ndiyo desturi: tangu Utukufu wa Alhamisi hadi Utukufu wa mkesha wa Pasaka, kengele hailii, kwa maana kanisa linaomboleza. Badala ya kengele hutumika vibao viwili vya mbao, kimoja kikigongwa kwa kingine, ko, ko, ko, sauti kavu isiyofika hata barabarani.

Ijumaa Kuu, saa sita mchana, watu walikusanyika kwa Njia ya Msalaba. Hawakuwa wamekula kitu, na wengi walikuja pekupeku. Padre alikuwa na vigango vingine tisa vya kuhudumia, kwa hiyo Mwalimu Novatus ndiye aliyeongoza. Kabla ya kuondoka alimwita Eufrasia pembeni.

"Wewe utabaki hapa."

"Nibaki? Mwalimu, na Njia ya Msalaba je?"

"Utaisali hapa hapa. Mwaka jana watoto walilichezea rimu hili Ijumaa Kuu, saa nane mchana, tena wakalipiga kwa wimbo wa harusi! Habari zikafika parokiani, nikakosa pa kuweka uso wangu. Safari hii hapana. Rimu likilia kabla ya Utukufu wa kesho, nondo utairudisha kwangu, na kazi ataichukua Masalu. Tumeelewana?"

Masalu, aliyesoma naye darasa moja, alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo, amevaa kanzu nyeupe ya watumishi wa altare. Alitabasamu mpaka jino la mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba wasichana hawaamki.

"Halitalia, Mwalimu," alisema Eufrasia. "Hata nzi akitua juu yake nitamfukuza."

Maandamano yakaondoka. Mbele alikwenda Mzee Ngeleja na msalaba mkubwa begani. Miaka yote ni yeye aliyeubeba, na alikataa kupokezana na mtu, ingawa umri ulikuwa umeshamzidi. Waliteremka mtoni, wakavuka mchanga, wakasali vituo vya ng'ambo, na kama ilivyo ada ya kigango kile, wakati wa kurudi walisimama katikati ya mto kwa kituo cha tisa. Hicho ni kituo cha Yesu kuanguka mara ya tatu, na wazee waliona hakuna mahali panapofaa kukumbuka kuanguka kuliko kwenye mchanga mzito, pale ambapo kila mtu, mnene kwa mwembamba, hupiga magoti na kuzama kidogo. Mto wenyewe ulikuwa na njia moja tu nyembamba ya maji, ya kulowesha vifundo vya miguu. Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe. Ila mbali sana, upande wa Meatu, wingu jeusi lilikuwa limekaa tangu asubuhi.

Eufrasia aliwatazama kutoka juu, maana kanisa lilijengwa mlimani kidogo. Aliona kanga na vitenge vikiinama mchangani, akasikia wimbo ukipanda kidogo kidogo. Naye akapiga magoti chini ya mwarobaini.

Hapo ndipo pikipiki ilipokuja kwa fujo kutoka upande wa juu wa mto, ikasimama uani huku ikimwaga matope. Aliyeshuka alikuwa Sadick, mwenye duka la karibu na shule, akitoka kuswali Ijumaa Bariadi mjini. Kanzu yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni.

"Eufrasia! Watu wako wapi?"

"Shikamoo, Baba Imrani. Wako mtoni, kituo cha tisa."

"Marahaba. Mungu wangu! Mto unakuja! Nimevuka kule juu kwa bahati, maji yamenifika hapa. Unakuja mzima mzima, na magogo! Piga rimu, upesi!"

Eufrasia alisimama. Nondo ilikuwa pale pale, imeegemea shina la mti. "Leo halipigwi," alisema.

"Halipigwi kwa nini?"

"Ni Ijumaa Kuu. Kengele imenyamazishwa mpaka kesho. Mwalimu amesema..."

Sadick alitazama rimu, akatazama mto. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sijui taratibu za kanisa lenu, na sitashika chombo chenu cha ibada bila ruhusa. Lakini wewe ndiye mwenye nacho. Piga! Mimi nashuka kuwaita." Akakunja kanzu mkononi, akateremka mbio kwa miguu, maana mteremko ulikuwa unateleza kwa changarawe na pikipiki isingeuweza. Hatua ya kumi akaanguka kitako, akainuka, akaendelea.

Eufrasia akabaki peke yake. Jamani, mtu anaweza kujua la kufanya na mkono ukakataa! Aliiona nondo, na nyuma ya nondo akaliona tabasamu la Masalu. Akamwona Mwalimu Novatus akinyoosha mkono na kusema, "Lete." Itakuwaje kama Baba Imrani amezidisha? Itakuwaje maji yakifika madogo, ya magotini, watu wakamcheka? Msichana ameshindwa kunyamaza siku moja! Basi akafanya kile alichoona hakina lawama. Alikimbia ndani ya kanisa, akachukua vibao.

Ko, ko, ko! Ko, ko, ko! Alivigonga kwa nguvu zake zote ukingoni mwa ua. Hakuna kichwa kilichoinuka. Upepo ulikuwa unatoka mtoni kuja kwake, ukamletea wimbo wao vizuri kabisa, na kuirudisha sauti ya vibao nyuma yake kwenye pamba. Akagonga tena. Kibao kimoja kikapasuka. Kule chini Sadick alikuwa bado hajafika hata nusu ya mteremko, anapunga mikono, na waliopiga magoti walikuwa wamefumba macho.

Kisha akausikia mto. Kwanza ulikuwa kama lori linalopanda mlima kwa gia ndogo, mbali. Halafu kwenye kona ya juu, penye mikuyu, akaona povu la kahawia likisukuma matawi mbele yake, na nyuma ya povu maji yaliyojaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Akatupa vibao. Akakamata nondo kwa mikono miwili, akapiga mwano.

Rimu lililia kama halijawahi kulia. Vichwa vyote viliinuka kwa pamoja. Mwalimu Novatus aligeuka kuelekea kanisani, kitabu cha sala mkononi, na hata kwa mbali Eufrasia aliona kwamba amekasirika, maana aliinua mkono na kuushusha kwa nguvu: acha! Eufrasia hakuacha. Akazidisha. Wa kwanza kuelewa walikuwa kina mama. Mmoja aliangalia juu ya mto, akapiga yowe, na mara watoto wakanyakuliwa kama kuku mbele ya mwewe. Watu walikimbia kuelekea kwenye mlio, ndivyo walivyozoea tangu utotoni, na mlio ulikuwa upande wa usalama.

Wote walipanda ukingo isipokuwa mmoja. Mzee Ngeleja alikuwa amezama mchangani hadi vifundoni, msalaba bado begani, na hakutaka kuuachia. Maji ya kwanza yakampiga magotini. Ndipo Eufrasia alipoona kitu cheupe kikirudi mtoni. Ilikuwa ni kanzu ya Masalu. Alimkamata mzee kiunoni, akamng'oa, wakaanguka, wakainuka, na Mwalimu Novatus na wanaume wengine wawili wakashikana mikono kuwavuta. Mkono wa msalaba ulimgonga mzee gotini ulipokuwa ukiondoka. Kisha mto ukaubeba msalaba, nao ukageuka mara mbili, ukapotea kwenye kona ya chini.

Walihesabiana mara tatu. Hakukosekana mtu.

Walipopanda hadi kanisani, wamelowa na kutapakaa mchanga, uwanja mzima ulikuwa vilio na vicheko. Sadick alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Mwalimu Novatus alikwenda moja kwa moja kwa Eufrasia, naye akajua kuwa sasa ndiyo sasa, akamnyooshea nondo kabla hajaulizwa. Mwalimu hakuipokea. Alimshika kichwa kwa mikono yake miwili iliyolowa.

"Mmemwona mtoto huyu?" alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Nilimkataza kwa kinywa changu. Nikampungia mkono aache. Lakini alipoiona hatari, hakusita hata kidogo!"

Vigelegele vilianza, vikakatishwa haraka, maana watu walikumbuka kuwa ni Ijumaa Kuu. Mama yake Eufrasia alilia waziwazi. Hata Masalu, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, alimwinulia kidole gumba. Sifa zilikuwa tamu kwa muda wa kupumua mara moja tu, kisha lile neno likamrudia masikioni. Hakusita hata kidogo.

Saa tisa ilipofika waliingia kwenye ibada. Msalaba mkubwa ulikuwa umekwenda na maji, kwa hiyo walitumia ule mdogo wa altareni, na watu wakapanga mstari kwenda kuubusu. Mbele ya Eufrasia alikuwa Mzee Ngeleja, goti limefungwa kipande cha kanga, damu imeshapenya. Kila hatua aliyopiga alisema "uuh" kwa chini. Eufrasia alihesabu hizo "uuh". Zilipofika kumi na moja, alishindwa kuendelea kuhesabu, akajua hawezi kulala na jambo hili.

Ibada ilipokwisha aliwakuta watu watatu kwenye benchi la nje: Mwalimu Novatus, Mzee Ngeleja na Masalu, wanajadili jinsi ya kuutafuta msalaba maji yakipungua.

"Mwalimu, uliyosema si kweli," alisema Eufrasia. Macho aliyainua. "Nilisita. Baba Imrani aliniambia nipige, nikamjibu leo halipigwi. Halafu nikaenda kuchukua vibao, ili nionekane nimefanya kitu na nondo nisinyang'anywe. Nilikuwa naifikiria nondo. Sikuwafikiria ninyi."

Masalu aliacha kukamua pindo la kanzu.

"Ulichelewa kiasi gani?" Mwalimu aliuliza.

"Kama kusali nusu fungu la rozari."

"Ungepiga alipokuambia, mzee angekuwa ameshapanda na msalaba wake."

"Ndiyo, Mwalimu." Akamgeukia Mzee Ngeleja, akapiga magoti kama watoto wa kwao wanavyowasalimia wazee. "Guku, babu yangu, nisamehe. Na wewe Masalu. Ulirudi majini kwa sababu yangu."

Mzee Ngeleja alilitazama goti lake, akamtazama mjukuu huyu wa kijiji. "Kumbe goti langu limeliwa na vibao!" alisema, akaangua kicheko hadi akajishika mbavu. Kisha akafuta macho. "Na mimi niliufikiria msalaba, sikumfikiria kijana huyu aliyekuja kunitoa. Babu mzima, nang'ang'ania mti wakati maji yananifika magotini! Inuka, mjukuu wangu. Tumekosa wawili."

"Watatu," alisema Mwalimu Novatus. Alifikicha mchanga kwenye ndevu. "Eufrasia, mimi nilikupa amri nikakupa na tishio, sababu sikukupa. Nilichoogopa kilikuwa maneno ya watu wa parokiani. Sasa nisikilizeni, na wewe Masalu usikie. Kwa nini siku hizi mbili kengele inanyamaza?"

"Tunamwomboleza Yesu," alijibu Masalu.

"Alikufa kwa ajili ya nini?"

"Ili watu wapone."

"Basi. Alikufa ili watu wapone. Je, angependa tumwomboleze kwa kuacha watu wazame?" Alitikisa kichwa. "Kufunga, kunyamaza, kutembea pekupeku, vyote tunavifanya ili tuwe watu wema zaidi. Mtu akishika desturi na kumwacha mwenzake afe, amebaki na ganda, punje imemponyoka. Ukipewa amri, ishike kwa moyo wote. Lakini ijue sababu yake, ili siku ngumu ikifika ujue amri yenyewe inataka nini. Na ukikosea, useme, kama ulivyosema sasa. Mimi nilikuwa nimekupa sifa mbele ya watu wote. Ungeweza kukaa nazo, na hakuna ambaye angejua."

"Mimi ningejua," alisema Eufrasia.

"Ndiyo. Na ungepiga rimu kila asubuhi ukiwa unajua."

Eufrasia aliiweka nondo kwenye benchi, katikati ya Mwalimu na Masalu. "Nilikuahidi halitalia, na limelia. Tena nimelichelewesha. Mpe Masalu."

Masalu aliirudisha nyuma kana kwamba ina moto. "Mimi? Wewe umegonga vibao nusu fungu la rozari. Mimi ningevigonga rozari nzima, na litania juu yake! Tena alfajiri ile, dada yangu, usingizi siuwezi. Nilikuwa najisemea tu."

Wote walicheka, hata Eufrasia. Mwalimu Novatus ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alimtazama yule msichana kwa uso ule ule mkali wa saa sita mchana.

"Nikuulize, na ujibu sawasawa, maana sitaki kuweka mpiga kengele wa majaribio tena. Mwakani, Ijumaa Kuu, mto ukija, utafanya nini?"

"Nitapiga, Mwalimu. Kuuliza ni baadaye."

"Na nikikasirika?"

"Utakuwa umekasirika ukingoni, umekauka."

"Na nikikunyang'anya nondo?"

Eufrasia hakufikiri hata kidogo. "Utaninyang'anya," alisema, "lakini nitakuwa nimeshapiga."